Mapasa wa Shavu la Mguu

Jamani, chekeni mmalize sasa hivi, kwa sababu aibu niliyoipata mtaani Ruashi kwa wakwe zangu, hadi leo nikiikumbuka nafunika uso, na yote yalianza na neno moja la Kifaransa ambalo hakuna aliyeniomba.

Nilikuwa nasomea ukine (kazi ya kunyoosha misuli na viungo vya watu), nimekariri mifupa yote tangu fuvu hadi kidole cha mguu, na kichwa kimenivimba. Siku hiyo nilikwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Nadine, mchumba wangu, Wakatoliki wa benchi la mbele, na baba yake ni mtu ambaye akikohoa nyumba nzima inanyamaza. Akikataa yeye, ndoa hakuna, na mimi Nadine nilimpenda hadi usingizi ulinikimbia.

Basi Nadine akapiga magoti na beseni ili wageni tunawe mikono (kwao binti hamwagii wazee maji akiwa amesimama), akawa anasogea kwa magoti kiti hadi kiti, na wazee walikuwa wengi, alipofika kwangu akapiga kelele, "Mama yangu!" akaanguka na maji yake yote, ameshika mguu.

Ningesema tu "msuli umekaza", si ingetosha? Lakini daktari mimi! Nikaruka, nikamnyoosha goti, vidole nikavisukuma kumwelekea, nikatangaza kwa sauti ya profesa:

"Musiogope! Ni ba jumeaux tu, banakaza! Miye banazoea mikono yangu!"

(Darasani ile misuli miwili ya shavu la mguu inaitwa jumeaux. Nyumbani kwa watu jumeaux ni mapasa, watoto wawili tumboni.)

Tantine yake Nadine (shangazi yake) akapiga kigelegele, "Mapasa! Mapasa beko mu nyumba!" akaanzisha wimbo wa mapasa, ule wa desturi wenye matusi, mama mkwe akafanya ishara ya msalaba, na baba mkwe akasimama.

"Kijana, ulimupatia mutoto yangu mimba mbele ya dot?" (Dot ni mahari.)

"Hapana, Papa! Ba jumeaux beko ku muguu!"

"Mimba ku muguu?"

Nikaona bora nithibitishe. "Papa, kila muntu iko nabo! Weye uko nabo, hata Mama iko nabo, ona!" na kabla sijafikiri, mkono wangu ulikuwa umeshika shavu la mguu la mama mkwe.

Ndugu zangu, kwao mama mkwe haguswi, hata kumkazia macho ni kosa! Mama akapiga yowe, wimbo ukakatika, majirani wakachungulia juu ya ukuta, nami nikatamani mifupa yangu yote iyeyuke palepale.

Nadine aliinuka akawaeleza habari ya msuli, wakaelewa. Lakini mguu wa Mama haukuwa na maelezo. Papa akakaa, akafunika uso, mabega yakimtikisika, nikadhani analia.

"Utaleta mbuzi ya kuomba Mama masamaha," akasema mwishowe. "Kisha urudie, tuongee ya ndoa. Lakini urudie na mikono mu mifuko."

Nilioa, namshukuru Mungu. Mtoto hatujapata hata mmoja, lakini Ruashi nzima mimi ni Papa Mapasa, na tantine kila Jumapili ananiuliza mbele ya kanisa kama mapasa wanaendelea vizuri. Najibu, "Bazima, tantine." Tangu hapo nimeapa: kwa wakwe, mguu ni mguu tu, na anayeumwa aende hospitali.