Mama Thibitisha na Kazi Aliyoiacha Mkuu

Hospitalini wote walimwita Mama Thibitisha, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kutunza hifadhidata, yaani kumbukumbu zote za hospitali zilizomo kwenye kompyuta, na kila aliyezigusa aliulizwa swali lile lile: "Umethibitisha?" Hata nyumbani hakupona mtu. Mumewe aliwalalamikia mashemeji, "Huyu dada yenu, nikisema nimefunga mlango, ananiuliza kama nimethibitisha!"

Lakini swali lilikuwa na maana. Ukibadilisha kumbukumbu, kompyuta hulishikilia badiliko lako pembeni mpaka uandike amri ya kuthibitisha au ya kutengua. Kabla ya hapo, wengine hawawezi kubadilisha ulichokishika. Ni sawa na mpangaji anayefunga choo cha nyumba nzima, kisha akaenda zake sokoni na ufunguo.

Na mpangaji wa namna hiyo walikuwa naye: Mkuu wa kitengo. Huyo bwana angeanza kazi, aitwe kikaoni, aondoke bila kumaliza. Tena pale kulikuwa na desturi moja ya kipuuzi kupita zote: kazi ya mkubwa haitenguliwi ila na mkubwa mwenyewe. Mfumo ukikwama, watu walikunja mikono wakamsubiri, na wagonjwa wakaambiwa mtandao unasumbua. Mtandao, maskini, ulisingiziwa kila siku.

Asubuhi hiyo Mkuu alikuwa ameshikilia kumbukumbu zote za dawa. Mfamasia akapiga simu.

"Dada, mfumo umeganda. Nina mama hapa, mtoto wake ana kifafa na dawa zilimwishia jana. Kabati la dawa halifunguki mpaka mfumo ukubali."

Mama Thibitisha akampigia Mkuu. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, safari hii Mkuu akapokea kwa kunong'ona.

"Niko kikaoni. Usiguse kazi yangu."

"Basi nikuthibitishie, mzee."

"Haijakamilika."

"Basi niitengue. Kuna mtoto anasubiri dawa."

"Utengue asubuhi yangu nzima? Atasubiri." Akakata.

Hasira zikampanda Mama Thibitisha. Asubuhi yake! Kana kwamba wenzake walikuwa hawana asubuhi, na yule mtoto hana ubongo wa kuharibika. Mwenzake wa meza ya pili akamvuta mkono kumzuia. "Usijitafutie balaa, dada. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe yeye, na mtoto nimwambie nini?"

Akafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta yake, lile lisilo na picha wala vitufe, ambalo kila kitu humo ni amri za kuandika. Akautafuta muunganisho wa kompyuta ya Mkuu na hifadhidata, akaukuta umelala tu, haufanyi kitu, ila umekumbatia kumbukumbu zote za dawa. Akaukata. Kwa kuwa Mkuu hakuwa amethibitisha chochote, mabadiliko yake yote yakatenguka yenyewe, kumbukumbu zikarudi zilivyokuwa. Mfamasia akapiga tena: "Limefunguka. Mtoto anameza sasa hivi."

Mkuu alirudi akifoka tangu koridoni. "Nani amekutuma? Rudisha kazi yangu!"

"Hairudi. Hukuithibitisha."

"Unajua naweza kukufukuza?"

"Najua. Na mtoto angeanguka pale kwenye benchi, ungemfukuza nani?"

Mkuu akavuta kiti chake. Alikaa, akaanza upya, huku akisonya. Hata hajafika mbali, simu yake ikalia. Akaitazama, akainuka haraka, akavuta koti lake kwenye kiti. "Nakuja, nakuja," aliiambia simu.

Mama Thibitisha alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Kaa," alisema. "Thibitisha au tengua, ndipo uende."

Wenzake wote wakainamia meza zao kama hawasikii. Mkuu akaitazama simu, akamtazama yeye, akakaa.