Fundi na Mipira ya Hita

Fundi wa gari letu ana vidole vinene kama mihogo, lakini mbele ya mipira ya hita, ile inayopitisha maji ya moto, vinalainika kuliko vya mkunga. Anasubiri injini ipoe, anaiminya mipira mmoja mmoja, anatega sikio, na msinibishie, nimeisikia ikimjibu. Mpira mzee ukigoma kutoka hauvuti, maana atavunja hita. Anauchana taratibu kwa kisu huku akiubembeleza: "Toka mpenzi, usinibanie, toka roho yangu."

Juzi mkewe kaleta chakula, akamkuta kainama ndani ya boneti akisema hayo hayo. "Roho yako nani?" Fundi akaibuka, mpira mkononi. "Loo! Mimi unaniita 'we', mpira ndio mpenzi?" Akaiweka hotipoti chini, akaikalia. "Leo huli mpaka uniambie na mimi." Fundi akanitazama nimwokoe; nikajifanya nasinzia. Akafuta mikono, akafuta jasho, akafuta tena mikono. "Mke wangu," akasema, "siku ukiniacha, nitachemka nizimike njiani." Mwanamke akanyanyuka akiuma mdomo asicheke, akamfunulia hotipoti.