Mlango Unaotazama Meza

Juzi, kwenye duka la fotokopi hapa Kitengela, mbele yangu alisimama msichana mwenye fomu ya kuomba digrii ya pili ya usanifu wa majengo. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Unatoa kopi ama hutoi?" mwenye mashine akamuuliza.

"Ngoja kidogo. Bado nafikiria."

Fundi wa nyumba akampita, akaweka ramani iliyochakaa kwenye kaunta. "Nitolee mbili. Hii nyumba kila mtu huku anaitaka."

Msichana akainama kuitazama. "Hii nilichora mimi! Nilikuwa mwaka wa pili, nikamchorea mjomba. Mlango wa choo nilikosea, unaangalia meza ya kula."

"Hiyo ndiyo stail, madam. Tumejenga kumi na moja hivyo hivyo."

Msichana akamnyang'anya fundi kalamu ahamishe mlango. Fundi akaifunika ramani kwa viganja vyote viwili. "Usiniharibie! Mwenye ploti amesema anataka kama ya jirani."

Msichana akanigeukia. "Mzee, nirudi shule ama niende saiti nikasimamie ujenzi?"

Nikamwambia arudi shule, tena upesi. Sikumwambia kwamba nyumba yangu ni ya nne kati ya hizo kumi na moja, na wageni wangu hula wakitazamana na mlango ule.