Zabibu Zilizokataa Kuanguka

Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sikukaa mahali zaidi ya msimu mmoja. Kambi ya wachimba visima pale Mitole ndiyo iliyonishika miaka miwili. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaanzishwa kila upande na vyote vilitaka maji. Lakini kilichonishika hasa ni maneno ya fundi mkuu, Mwitaliano aliyejifunzia Kiswahili Dodoma.

Jioni alinichorea nchi yake mchangani: mguu uliovaa buti. Huku juu, kwenye vilima vya ukungu, kuna zabibu zinazotoa divai kali ya kukunja ulimi mpaka izeeke. Huku kisiginoni ni zabibu za jua, divai yake nzito kama wino. Kila kilima na zabibu yake, na mtu wa kilima hiki hanywi ya kilima kile ila kwa adabu tu.

"Kama muhogo," nikamwambia. "Watu wa Kinjumbi hawataki hata kusikia habari ya muhogo wa Mitole."

"Hivyo hivyo!"

Divai sikuwahi kuionja, wala sikutaka. Maalim aliyenifundisha Kurani asingenisamehe. Lakini zabibu zenyewe hazina kosa. Nyuma ya tangi la maji Mwitaliano alikuwa amepanda kijiti cha mzabibu alichokuja nacho kutoka Dodoma, na mwaka wa pili kikazaa vichala kumi na vinne. Ndipo akaitwa Dar es Salaam kufuata vipuri.

"Zikiiva, zivune," aliniambia. "Ukizivuna vizuri, kambi ikihamia Dodoma nakuchukua. Utaona mashamba ya mizabibu mpaka uchoke."

Sikulala kwa furaha. Kesho yake nikajiandaa kama mtu wa kwetu, kwenye mikorosho, anavyojiandaa kwa mavuno: nikapalilia chini ya mzabibu, nikafagia mpaka mchanga ukang'aa, nikangoja zianguke. Korosho haichumwi mtini, inaokotwa. Anayechuma ni mwizi.

Zabibu zikawa nyeusi tii. Hazikuanguka. Mama aliyetupikia kambini, Mmwera mwenye mikorosho yake, akaja kukagua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi bado. Acha pupa, mwanangu, tunda lina akili kuliko wewe." Akacheka. "Au hili la Kizungu linangoja barua."

Wiki ya tatu zikaanza kunywea. Ya tano zilikuwa zimekunjamana kama magoti ya bibi yangu, na mimi bado nafagia, ila sasa nafagia kwa hofu. Dodoma niliiona inaondoka bila mimi.

Mwitaliano aliporudi, hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya tangi, akatazama vichala, kisha mchanga uliofagiwa.

"Kwa nini hukuchuma?"

"Nilingoja zianguke."

"Zianguke?"

Nikamweleza habari ya korosho. Akachuma zabibu moja, akatafuna. Akachuma nyingine, akafumba macho. Halafu akacheka mpaka akakalia ndoo.

"Baba yangu huzitandaza mikekani wiki nyingi ili ziwe hivi!" Kwao, alisema, zabibu zilizonyauka hutoa divai tamu ya sikukuu, inayonywewa kwa kijikombe. "Wewe umetumia ufagio!"

Akanifundisha kukata kichala kwa mkasi, nimeshika kikonyo. Tukaziponda kwenye sufuria, akapata chupa moja na nusu. Mama mpishi alikuwa ameshachukua fungu lake la zabibu za kutia kwenye pilau ya Maulidi, akimwambia kila mtu kuwa ushauri ulikuwa wake.

Kuhusu Dodoma sikuthubutu kuuliza. Siku kambi ilipohama nilisimama kando ya lori, nimeshika kifurushi changu, nikijifanya nafunga kamba. Mwitaliano akanirushia ule mkasi.

"Panda. Lakini kule nikisema vuna, uvune."

Lori lilipoanza kuondoka, mama akaja mbio akanirushia ufagio.

"Chukua!" alipiga kelele. "Mti gani huvunwa chini hapajafagiwa?"