Efrazia na Kufuli la Jikoni

Efrazia Shekigenda alianza kupika katika chuo cha ualimu mwaka 1967, miezi minne baada ya kumzika mumewe. Chuo kilikuwa mlimani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Lushoto mjini, na pamoja na kazi alipewa chumba kimoja katika nyumba za watumishi. Shamba la mumewe huko Mgwashi lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na mashemeji. Alikuwa hana pengine pa kwenda, na pale chuoni kila mtu alilijua hilo.

Miaka ya mwanzo alipika kwa amani. Kisha ikaja njaa ya mwaka 1974. Chuo kikawa kinapikiwa ule unga wa njano wa msaada ambao watu waliuita wa Yanga, kwa rangi ya jezi za timu hiyo, na sukari ikaanza kupungua stoo, iliyokuwa chumba cha ndani cha jiko. Hakukamatwa mtu. Mkuu wa chuo, Mwalimu Rubeni, mtu safi na mchapakazi asiyependa maneno mengi, akatoa amri: kila asubuhi chakula kikishapimwa, wapishi wafungiwe jikoni kwa kufuli, kwa nje, hadi saa sita. Ufunguo ukae kwa mlinzi. Dirisha la kugawia chakula bwaloni likapigiliwa mbao, chakula kikawa kinapitishwa mlangoni saa ya kula. Likabaki dirisha moja dogo lenye nondo.

Jikoni walikuwa wawili, Efrazia na Halima, msichana mwembamba aliyetoka Muheza kumfuata dada yake. Siku ya kwanza kufuli lilipolia, Halima alicheka. Efrazia hakucheka. Aliendelea kuchagua maharage, lakini masikio yake yote yalikuwa mlangoni.

Wakati huo alikuwa anasoma kisomo cha watu wazima, jioni, na alikuwa amefika mahali pa kusoma gazeti polepole kwa kidole. Siku moja aliona waraka umebandikwa ukutani nje ya ofisi. Ulihusu usalama mahali pa kazi. Akasimama na beseni lake, akausoma wote. Mstari wa tano ulisema milango isifungwe kwa nje wakati watu wamo ndani. Aliurudia mara tatu, akihofu kwamba labda hajui kusoma vizuri. Kisha akabisha hodi kwa mkuu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Kuna nini?"

"Ule waraka uliobandikwa nje. Nimeona habari za milango."

Mwalimu Rubeni alimtazama kwa mshangao kidogo, kama mtu aliyesikia kiti kikisema. "Waraka ule ni wa viwandani," akajibu. "Wenye mashine. Sisi hapa ni chuo."

"Jikoni kuna moto, Mwalimu."

"Na stoo kuna chakula cha wanafunzi mia mbili. Ukiona kazi inakushinda, sema."

Hakusema. Kesho yake waraka ulikuwa umebanduliwa.

Hivyo ndivyo alivyoishi mwaka mzima. Saa tatu Mzee Ramadhani, mlinzi, alikuja na ufunguo, akaamkiwa, akafunga. Alikuwa anaona aibu. Kila mara aligonga mlango kidogo kabla ya kufunga, kama anaomba radhi. Efrazia alijifunza kutokunywa chai asubuhi, maana choo kilikuwa nje. Alijifunza pia kutolitazama lile dirisha dogo. Akilitazama, alikumbuka kufuli.

Julai 1975 ukungu ulikaa mlimani siku tisa. Kuni zilikuwa mbichi, zikatoa moshi bila kuwaka. Efrazia akazipanga kwenye kichanja juu ya jiko zikauke. Alijua si vizuri. Alimwomba karani wa chuo banda la kuni, akaambiwa asubiri bajeti.

Jumanne ilikuwa siku ya kujitegemea. Wanafunzi wote na walimu waliteremka bondeni kwenye shamba la chuo kupalilia kabichi, na Mzee Ramadhani aliamriwa kwenda kulinda majembe. Alifunga jikoni, akaondoka na ufunguo kiunoni.

Yapata saa nne, kuni ya pembeni ilishika moto. Halima ndiye aliyeona. Alipopiga kelele, kichanja kizima kilikuwa kinawaka, na kabla hawajafika kwenye pipa la maji kikaanguka sakafuni, karibu na mlango. Magunia matupu yaliyotundikwa hapo yakalipuka. Ndoo nyekundu za mchanga zilikuwa nje, zimetundikwa barazani.

Waliita kwa Kiswahili, wakaita kwa Kishambaa. Ukungu ulimeza sauti. Moshi ulishuka kutoka darini hadi usawa wa vichwa, na Halima akaanza kuuvuta mlango uliokuwa unaungua, akiulilia kama mtu.

"Acha mlango," Efrazia alimwambia. "Lala chini. Lala, mwanangu."

Alilowesha gunia la mwisho kwa maji yaliyobaki pipani, akamfunika usoni. Kisha akatambaa mpaka stoo, akapapasa sakafuni, akarudi amekumbatia jiwe la mizani la kilo ishirini. Akalipiga kwenye zile mbao za dirisha la kugawia. Mara ya nne ubao mmoja ulipasuka, mara ya saba wa pili. Wa tatu ulikuwa na misumari mingi, haukutikisika. Pengo lilikuwa upana wa sinia.

Halima alipita, ingawa misumari ilimchana bega. Efrazia alitoa kichwa na mkono mmoja, akakwama. Alikuwa mwanamke mnene.

"Mama, nivute?" Halima aliuliza akilia.

"Hutaniweza. Kimbia ukalete ufunguo."

Akabaki peke yake, kichwa bwaloni na mwili motoni. Mbele yake aliona meza ndefu, safi, na mabenchi yamepangwa vizuri. Hakuweza kwenda mbele wala kugeuka kuona moto umefika wapi. Aliusikia tu. Alianza Salamu Maria, akasahau katikati, akaanza tena. Alipohisi mkono uliobaki ndani unaungua, alinyamaza kabisa, kwa sababu kulia kulitaka pumzi.

Mzee Ramadhani alipanda mlima ule mbio, na wanafunzi nyuma yake. Walilivunja dirisha, hawakungoja kufuli.

Efrazia alilazwa wiki sita. Katika wiki ya tatu Mwalimu Rubeni alikuja wodini na karatasi iliyopigwa taipu. Ilisema moto ulitokana na uzembe wa mpishi aliyepanga kuni juu ya jiko, na mlinzi kuwa mbali na lindo.

"Weka sahihi hapa chini," alisema kwa upole. "Kazi yako ipo, na chumba chako kipo."

Efrazia alisoma kwa kidole cha mkono mzima. Ilichukua muda. Mkuu alitazama saa yake.

"Kuni nilizipanga mimi," akasema. "Hilo ni kweli, nitalitilia sahihi. Lakini kufuli halimo."

"Kufuli si chanzo cha moto, mama."

"Ndiyo. Naomba kalamu."

Aliandika kwa herufi kubwa zilizopinda: MLANGO ULIFUNGWA KWA NJE KWA AMRI YA MKUU. MLINZI ALITUMWA SHAMBA. Chini yake akaweka jina lake. Mkuu aliisoma hadi mwisho. Angeweza kuichana. Aliikunja akaitia mfukoni, na baadaye ilijulikana kwamba aliipeleka ofisi ya mkoa, Tanga, vilevile ilivyokuwa.

Mkaguzi alikuja Septemba. Kufuli likaondolewa, mlango ukageuzwa ufunguke kuelekea nje, banda la kuni likajengwa. Mwalimu Rubeni alihamishwa mwaka uliofuata. Efrazia alipewa barua ya onyo kwa ajili ya kuni. Mzee Ramadhani alikuwa amekwisha kuachishwa kazi. Alikuja kumuaga, akasimama mlangoni pa chumba bila kuingia. Halima alirudi Muheza kuuza machungwa, akaandika kwamba hatarudi.

Efrazia hakuwa na Muheza ya kurudi. Oktoba aliingia tena jikoni, mkono wa kushoto umekunjamana, akapika pale miaka minane zaidi. Mpishi mpya alilalamikia baridi, akawa anauvuta mlango ufungike. Efrazia aliweka sufuria chini, akaenda akaufungua, akarudi. Siku nyingine alifanya hivyo mara ishirini.