Figo la Hamira

Walimwita Hamira tangu utotoni, kwa jinsi alivyofura upesi akawapita wenziwe kwa kimo, na jina likamkaa barabara alipokuja kuwa mwokaji wa mikate. Gunia la unga ambalo wenzake waliliburuta wawili wawili, yeye alilitupa begani kama mto. Nyumbani alibaki na watu wawili tu: mama yake mjane, na mdogo wake wa kike aliyefunga uzazi wa mama, ambaye wote walimwita Kitinda.

Mafigo ya Kitinda yalipofeli, akawa mtu wa hospitali, damu ikipitishwa kwenye mashine. Alikonda hadi pete zikamvuka. Hamira akapimwa, akaonekana anafaa kumtolea figo moja. Alipoleta habari hiyo, mama alikuwa akikunja nguo, mikono ikasimama.

Mama alikuwa mtu wa sala, na mwili kwake ulikuwa amana. Alilelewa akiamini kwamba moyo ndiko mtu anakopendea, ini ndiko anakoonea uchungu, na figo ndiko Mungu anakopima nia iliyofichika. Akasema amana haipunguzwi; mtu aliyegawanyika atasimamaje mbele ya Muumba wake? Walivutana kwa muda mrefu.

“Sisi ni wa tumbo moja, mama,” Hamira alisema mwishowe. “Nitakuwa nimempa nani, mgeni?”

Mama akainuka, akaenda kusali. Siku ya upasuaji aliwasindikiza wote wawili, uso umemsawijika, akakaa kwenye benchi akiomba bila sauti.

Figo likashika. Kitinda akanawiri, akarudi saluni kwake kusuka watu, na utani wake ukarudi naye. Alimwonya kaka yake ajihadhari, maana kama maneno ya mama ni kweli, basi siri zake zote sasa anazo yeye. Hamira hakuruhusiwa tena kubeba magunia. Akahamishiwa meza ya kukandia, wala hakunung’unika. Hata mama alianza kucheka.

Halafu mwili wa Kitinda ukalikataa lile figo. Daktari alieleza kwamba hutokea, hata mgonjwa akimeza dawa zote. Mwili hutambua kilicho chake na kisicho chake. Maneno hayo yalimkata Hamira maini. Akaketi kando ya kitanda, ameushika mkono wa dada yake uliovimba, akijiuliza ni nia gani chafu iliyokuwa figoni mwake hata likakataliwa. Bila kutaka, akajikuta anamuuliza hivyo hivyo.

Kitinda alifumbua macho. “Usilisingizie figo, kaka. Limefanya kazi yake. Mimi ndiye nimechoka.”

Alirudishwa kwenye mashine, lakini safari hii mwili haukuhimili. Alikufa mchana, wakati wa kuona wagonjwa, watu wakipishana wodini na vyombo vya chakula. Akazikwa nalo.

Waliokuja kumpa pole Hamira walimwambia kazi ya Mungu haina makosa. Aliitikia, lakini mkono ulimwendea wenyewe ubavuni, kwenye kovu. Hakujua kama anamlilia dada yake au anajililia mwenyewe, kipande chake kikiwa udongoni angali hai. Alimuuliza mama, siku ya kufufuliwa figo lile litamfuata nani.

Mama alitikisa kichwa. “Sijui, mwanangu. Nilidhani najua.”

Siku moja walikwenda kusafisha kaburi. Hamira, aking’oa magugu, alionyesha nafasi iliyo wazi kando ya kaburi, akasema ameshazungumza na mchimba makaburi. Akifa, azikwe pale.

Mama aliweka fagio chini. “Hapo niachie mimi. Wewe umo humo tayari.”

Hamira aliyaachia magugu. Akaketi kwenye udongo, pande la mtu lile, akalia kama ambavyo hakulia siku ya mazishi, na mama akasimama karibu yake, mkono juu ya kichwa chake, hadi alipomaliza.

Mama alizikwa pale mwaka uliofuata. Hamira bado ni mwokaji. Siku hizi hukanda unga ameketi, polepole, na wateja wakimsalimu huitikia vizuri, kisha hurudi kimya kwenye kinyunya chake.