Boga Lililonyooshewa Kidole

Nilirudi kazini, shuleni Zinga, likizo yangu ya uzazi haijaisha, kwa sababu mtoto niliyepewa likizo hiyo kwa ajili yake alizaliwa hana uhai. Mwalimu mkuu alinisihi nipumzike mpaka siku zangu zitimie. Nikamwambia nimechoka kupokea wageni. Kila aliyeingia nyumbani alisema Mungu atanipa mwingine, kisha akanywa chai, nami nikamjibu "Amin" na kwenda kuosha kikombe. Sikulia. Watu walinisifu kwa subira, na wala sikuwa na subira yoyote. Nilikuwa nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa vibaya.

Nafundisha darasa la awali, watoto wa miaka mitano mitano. Waliniaga nina tumbo kubwa, wakanipokea sina. Mwalimu aliyenishikia darasa alikuwa amewakataza kuniuliza, na ajabu ni kwamba walikatazika, jambo ambalo hawajawahi kunifanyia mimi kwa katazo lolote.

Somo lililokuwa linafuata ni jinsi mmea unavyokua kutoka kwenye mbegu. Nikaja na mbegu za boga nilizozianika kwenye ungo, kila mtoto akalaza yake ndani ya pamba mbichi kwenye chupa ya maji iliyokatwa. Mbegu zilipopasuka watoto walipiga kelele mpaka darasa la pili wakaja kuchungulia dirishani. Nikasema, "Huu ni mzizi, ndio hutangulia," kwa sauti ileile ninayoitia mahudhurio. Tukaihamishia miche nyuma ya darasa, karibu na bomba, kwenye mchanga tuliouchanganya na samadi ya mbuzi. Mingine ilinyauka. Iliyobaki ikatambaa mpaka ukutani na kutoa maua.

Niliwafundisha kwamba ua la kiume husimama juu ya kikonyo kirefu, kitupu, na ua la kike huwa limekalia kitoto chake, kiduara kidogo kama ndimu. Hilo neno kitoto nililitumia mwenyewe bila kufikiri, ndivyo tunavyosema. Wakalipenda. Kila asubuhi wakimaliza kuniamkia mimi walikwenda kukiamkia na hicho kitoto, shikamoo nzima, ingawa ndio kwanza kilikuwa kimezaliwa.

Siku moja mmoja wao alitaka kukigusa, nikasema, "Msikinyooshee kidole, kitaoza. Anayetaka kukionyesha akunje ngumi." Hivyo ndivyo bibi yangu alivyotuambia shambani kwake, na sote tulikua tukionyesha maboga kwa ngumi. Maneno yalinitoka mdomoni bila kupita kichwani. Mwalimu mzima, nina cheti, nimetoka kuwaeleza habari za nyuki na chavua dakika chache tu nyuma.

Haikupita wiki kitoto kikageuka manjano, kikalainika nchani na kuanguka. Watoto walisimama wakakizunguka.

"Kitoto kimekufa," akasema mmoja.

"Yeye huyu ndiye alikinyooshea kidole! Alikuwa anamwonyesha bibi yake!"

Wote wakamgeukia msichana mdogo kuliko wenzake darasani, anayelelewa na bibi yake. Hakukana. Nilijua vizuri kilichotokea: siku ua lile lilipochanua mvua ilinyesha tangu alfajiri, na hakuna nyuki aliyekuja. Ilikuwa sentensi moja tu ya kusema. Nikasema, "Haya, ingieni ndani." Nilikuwa sijali. Naliandika hili waziwazi kwa sababu ndilo kosa langu, wala si la mvua.

Wiki iliyofuata bibi yake alikuja mwenyewe, kajitanda kanga, hataki kiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu mmemfanya nini hapa?"

Nikamuuliza amekuwaje.

"Anakula kwa mkono wa kushoto, kama hakufunzwa. Nimemgombeza, nimembembeleza, wapi! Chuoni kwa Kurani hataki kufuatisha herufi kwa kidole. Jana ndio kaniambia. Eti bibi, kidole changu hiki kinaua."

Akanionyesha chake, kidole cha shahada. Niliona aibu. Iliniingia mpaka masikioni, ikachoma, na nikatambua kwamba tangu nitoke hospitali sikuwa nimehisi kitu chochote mpaka wakati ule.

Asubuhi ya pili nikamchukua yule mtoto peke yake mpaka kwenye maboga, kabla jua halijayafumba maua. Alikuja mkono wake wa kulia akiwa ameubana kwapani. Nikachuchumaa. Nikamwambia mwalimu alikosea. Nikamwambia ua la kike likikosa unga wa ua la kiume, kitoto chake hakishiki, hata kama dunia nzima haijakitazama.

"Hata ningekunja ngumi?"

"Hata ungekunja ngumi."

Alinitazama kama anayepima uzito wa kitu. Nikachuma ua la kiume, nikamwomba kidole. Alikataa. Sikumlazimisha, nikakaa palepale mchangani mpaka sketi ikalowa. Mwishowe akakitoa, taratibu, nikakipaka ule unga wa manjano, na yeye mwenyewe akaupeleka kwenye ua la kike lililokuwa limechanua karibu na ukuta. Aligusa akarudisha mkono haraka. Akasubiri. Hakuna kilichoanguka. Akagusa tena.

Kisha, akiwa bado ameinama pale, akaniuliza lile ambalo darasa zima lilikuwa limekatazwa.

"Mwalimu, na mtoto wako, nani alimnyooshea kidole?"

Nilikuwa na jibu, na nilikuwa nalo tangu siku ile ya hospitali. Nilikuwa nahesabu ndoo za maji nilizobeba, siku niliyoteleza bafuni, usiku niliolala kifudifudi. Kila siku nilikuwa namtaja mtu huyo kimoyomoyo, na mtu huyo alikuwa mimi.

"Hakuna," nikasema.

Sauti haikutoka. Alikuwa ananisubiri, kidole kimejaa unga. Ikabidi niseme tena.